Mgeni anapotuchekesha: somo kutoka Sange

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni methali nzuri, lakini hapa kwetu katika bonde la Ruzizi neno "mgeni" si neno dogo. Kuanzia Kamanyola mpaka Uvira, mtu anaweza kuambiwa "wewe ni mgeni" hata kama babu yake amezikwa hapa hapa. Akisha kuitwa hivyo, watu huanza kuuliza juu ya shamba lake, kisha juu ya nafasi yake mkutanoni. Siku ya vita, uhai wake pia huwa hatarini.

Kwa sababu hiyo somo hili linahitaji uangalifu. Tunataka kuonyesha kwamba mtu wa nje anaweza kuwa na kazi kubwa katika michezo ya kuchekesha ambayo vikundi vyetu huigiza ili kupatanisha watu. Lakini kutumia jicho la mgeni ni jambo moja, na kumfanya jirani awe mgeni ni jambo lingine kabisa. Kikundi kisichotofautisha mambo haya mawili kinaweza kuharibu kwa dakika 5 kazi ya miaka 5.

Mchezo wa ng'ombe na mihogo

Wasomaji wengi wanajua mchezo wa kuigiza shirikishi. Mashariki mwa Kongo ulienea katika miaka ya 2000, hasa kwa juhudi za shirika la Search for Common Ground, lililoanza kazi nchini mwaka 2001. Waigizaji hufika mahali, husikiliza wenyeji, hutunga mchezo unaohusu ugomvi wa mahali hapo, na kuucheza sokoni au uwanjani. Ugomvi unapofikia kilele, mchezo husimamishwa. Ndipo watazamaji hualikwa kuingia na kuonyesha wao wangefanya nini.

Kikundi kimoja cha Sange nilichokisindikiza kilichagua ugomvi tunaoujua wote. Kila kiangazi mifugo hushuka kutoka milimani kutafuta majani na maji katika bonde. Katika bonde kuna mihogo, mahindi na mpunga. Ng'ombe anaingia shambani, mkulima anashika panga, mfugaji anashika fimbo, na kabla ya jua kuzama jambo la watu wawili limekuwa jambo la makabila mawili.

Katika mchezo wetu wa kwanza, kichekesho chote kilikuwa katika namna mfugaji anavyosema. Kijana aliyemwigiza alikuwa hodari kweli. Alivuta maneno, alitafuna herufi, na sisi katika mazoezi tulicheka mpaka machozi. Siku ya kucheza mbele ya watu, nusu ya watazamaji walicheka na nusu nyingine waliangalia chini. Mzee mmoja alichukua fimbo yake akaondoka bila kuaga. Tulipowaita watu waingie katika mchezo, upande ule haukutoa mtu hata mmoja.

Jioni tulikaa kutathmini kazi. Kati yetu alikuwepo dada mmoja aliyekuwa hajamaliza hata miezi mitatu katika kikundi. Alikuwa amekulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya mkoa wa Kigoma, Tanzania, na alirudi Kongo akiwa na miaka 20. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kule. Sisi tunasema "niko nakuja", yeye anasema "ninakuja". Kila neno lake lilitanguliwa na "naomba" au "samahani", na wenzake walikuwa wamekwisha kumpa jina la "Mama Samahani".

Siku hiyo aliinua mkono. "Samahani, kaka, huyu ng'ombe amekula mihogo mingapi?"

Tulicheka, kisha tukahesabu. Katika mchezo wetu ng'ombe alikuwa amekula mashina saba.

"Na watu, samahani, wamekula nini?"

Hapo hatukucheka. Tulianza kuhesabu yale ambayo sisi wenyewe tuliyatia katika mchezo bila kuyafikiria, kwa kuwa ndivyo mambo yanavyokwenda. Mkulima alitoa kuku ili mashtaka yake yasikilizwe. Mfugaji alitoa mbuzi na kreti ya bia ili yasisikilizwe. Wote wawili walilipa aliyetumwa kuwaita, na wote wawili walilipa "pesa ya kalamu". Kila mmoja alipoteza siku mbili za soko.

Yule dada alijifunika kitenge, akashika vijiti viwili kichwani kuwa pembe, akasimama katikati yetu kama ng'ombe. Alisema: "Mimi nimekula mihogo saba, na leo ninahukumiwa. Huyu amekula kuku. Yule amekula mbuzi. Wale wamekunywa kreti nzima. Hata kalamu imekula franka elfu kumi! Mimi ni ng'ombe, sikusoma. Naomba mnieleze, mharibifu kati yetu ni nani?"

Tuliandika mchezo upya. Tuliondoa lafudhi ya mfugaji, tukamweka ng'ombe katikati. Kijiji cha mchezo hatukukipa jina. Tulipoucheza mara ya pili, pande zote mbili zilicheka, tena zilicheka mahali pamoja. Mfugaji wa kweli aliingia katika mchezo, akamwambia mkulima: "Papa, kabla ya kwenda popote, twende tuhesabu mihogo." Mkulima alikubali, na watazamaji wakapiga makofi.

Ugomvi wa mifugo na mashamba haukuisha siku hiyo, na bado upo. Wala si wote waliofurahi. Mkubwa mmoja aliyehudhuria alituuliza kwa ukali nani alitutuma. Lakini kwa muda mrefu baadaye, watu walipoanza kupandishiana sauti, nilisikia mtu wa tatu akisema, "Hesabuni mihogo kwanza." Wakacheka kidogo, na sauti zikashuka.

Kwa nini yeye aliona na sisi hatukuona?

Hakuwa na akili kuliko wenzake. Sisi tuliokulia hapa tumezoea. Pesa ya kalamu kwetu ni kama vumbi la barabara kuu. Unaifuta usoni, unaendelea na safari. Yeye aliyekulia mahali pengine alishangaa, na mara nyingi kichekesho huanzia katika mshangao huo. Methali yasema, "Nyani haoni kundule." Huhitaji kumtukana nyani. Mtafutie tu mtu aliyesimama upande wa pili.

Tuangalie pia kwamba dada huyu hakuwa mgeni kamili. Wazazi wake ni wa hapa, na lugha ya nyumbani anaisikia. Kule Tanzania aliitwa Mkongomani, na hapa anaitwa mtu wa Tanzania. Tangu mwaka 2005, shirika la UNHCR lilipoanza kuwasaidia wakimbizi wa Kigoma kurudi Kivu Kusini, maelfu ya watu kama yeye wamerudi Uvira na Fizi. Mara nyingi tunawacheka, wala hatuwaulizi wanaona nini. Hilo ni kosa. Kikundi kinachotafuta jicho la nje huenda hakihitaji kumleta mtu kwa ndege. Huenda yupo tayari, amekaa nyuma, akisema samahani.

Na ng'ombe je? Yeye ndiye mgeni kuliko wote. Hana kabila, hana chama, hajui mpaka wa shamba wala wa lokaliti. Alipoulizwa yeye, hakuna jirani aliyeguswa. Lawama ya mchezo ilihama kutoka kwa mtu na kwenda kwa desturi iliyokuwa ikiwala wote. Katika bonde letu kuna Wafuliiru wenye ng'ombe, na kuna Wanyamulenge na Warundi wanaolima. Mchezo unaosema "mfugaji ni kabila hili, mkulima ni kabila lile" ni uongo kabla hata haujawa chuki.

Shule ya watani

Jambo hili si jipya Afrika. Nchi jirani ya Tanzania ina utani wa makabila. Wazaramo wa pwani na Wanyamwezi wa bara ni watani, na wengi wanasema utani huo ulitokana na safari za biashara za karne ya 19. Wangoni, waliofika kutoka kusini kwa vita katika karne hiyo hiyo, wana watani wengi, na baadhi yao ni watu waliopigana nao. Wajukuu wa maadui sasa wanaitana watumwa na kucheka.

Kazi ya mtani inaonekana zaidi msibani. Ndugu wa marehemu wanalia. Mtani anafika na kuiga mwendo wa marehemu, anadai deni ambalo halipo, pengine analala njiani mpaka apewe kitu. Waliofiwa hucheka hali machozi hayajakauka. Ndugu hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa amezama katika huzuni. Mtu asiyehusika kabisa hawezi pia, maana atapigwa. Mtani anaweza kwa sababu yuko nje na ndani kwa wakati mmoja. Mwanazuoni Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown, aliyeandika juu ya desturi hii mwaka 1940, aliona kwamba ndani yake urafiki na uadui vimefungwa pamoja.

Kwetu sisi wa amani, utani una masharti matatu ya kujifunza. Kwanza, ni wa kupokezana. Anayetania leo hutaniwa kesho, wala haruhusiwi kukasirika. Pili, mtani ana kazi. Kwa desturi husaidia shughuli za mazishi, kwa hiyo haji kucheka na kuondoka. Tatu, hakuna aliyejitangaza mtani peke yake. Jamii zote mbili zinaukubali utani huo.

Mgeni anayehubiri

Augusto Boal wa Brazil (1931–2009), ambaye michezo yetu shirikishi imejengwa juu ya mawazo yake, alisimulia mwenyewe kisa kilichomwaibisha. Akiwa kijana wa mjini, alikwenda na kikundi chake kaskazini mashariki mwa Brazil kuwachezea wakulima maskini. Mchezo ulimalizika kwa waigizaji kuinua bunduki na kuimba kwamba damu imwagike kwa ajili ya ardhi. Mkulima mmoja alifurahi sana. Aliwaalika wale chakula, kisha waende pamoja na bunduki zao kumpiga tajiri aliyenyang'anya shamba la mwenzake. Waigizaji walieleza kwa aibu kwamba bunduki zao ni za mchezo tu. Akawaambia basi waje wao, bunduki za kweli zipo. Waigizaji walirudi nyuma. Ndipo mkulima alipoelewa kwamba damu iliyoimbwa ilikuwa ya wakulima, si ya waigizaji.

Kisa hiki kinachekesha, na aliyechekesha ni mkulima. Kwake yeye, Boal ndiye aliyekuwa mgeni, na jicho la mkulima liliona kile ambacho watu wa mjini hawakukiona juu yao wenyewe. Boal alisema kwamba tangu hapo hakuandika tena michezo ya kuwaamuru watu. Mwaka 1973, akiwa Peru, aligundua njia ya kumpandisha mtazamaji jukwaani. Alipokubali kuchekwa ndipo alipojifunza.

Mgeni asiyejua vidonda

Siku moja tulimpokea mkufunzi wa maigizo kutoka mbali. Alikuwa mtu mwema na mchekeshaji hodari. Katika mazoezi alipendekeza kichekesho: lori la mafuta limepinduka, na watu wanakimbia na bidoni, ndoo, hata sufuria ya ugali. Alianza kuigiza mbio zile. Akaona chumba kizima kimenyamaza.

Hakujua. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la mafuta lilipinduka hapa Sange kwenye barabara kuu. Watu wengi walikuwa wamekusanyika katika vibanda vya video kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Wengine walikwenda kuteka mafuta yaliyomwagika. Moto ulipolipuka, ulichukua walioteka na wasioteka, watoto na wazazi, zaidi ya watu 230. Walizikwa katika makaburi ya pamoja. Katika chumba chetu kulikuwa na mtu aliyezika ndugu watatu.

Mkufunzi alipoelezwa, alikaa chini. Hakutoa hotuba ya kuomba msamaha. Aliuliza kama anaweza kupelekwa makaburini, akapelekwa. Kesho yake hakuongoza mazoezi, alisikiliza tu. Siku ya tatu mmoja wa wanakikundi alianza kumwigiza yeye: namna anavyoogopa pikipiki, namna anavyokula sombe kama mtu anayekunywa dawa. Alicheka kuliko wote. Kuanzia hapo akawa wetu.

Tulijifunza kwamba jicho la mgeni huona mazoea lakini halioni makovu. Mwenyeji huona makovu, lakini mazoea hayaoni. Ndiyo maana tunawahitaji wote wawili katika chumba kimoja kabla ya kwenda sokoni.

Kicheko kinachoua

Tusidanganyike kwamba kila kicheko ni dawa. Jirani zetu wa Rwanda walikuwa na redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993. Watu waliipenda kwa muziki wake na mizaha yake. Watangazaji walizungumza kama vijana kijiweni. Mizaha ile ilimfanya jirani awe mtu wa kuja, awe mende, na mwaka 1994 redio hiyo hiyo ilisaidia kuelekeza mauaji. Tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wawili kati ya waanzilishi wake.

Nasi tunayo ya kwetu. Katika bonde letu, baada ya chifu wa Warundi kuuawa Aprili 2012, na baada ya watu zaidi ya 30 kuuawa Mutarule usiku wa tarehe 6 Juni 2014, kulikuwa na mizaha iliyopita kwenye simu na vilabuni. Nani ana pua gani, nani arudi wapi. Waliosema walidai, "Tunacheka tu."

Hapa ndipo tofauti ilipo. Katika kicheko kinachojenga, mtu anachukua yeye mwenyewe nafasi ya mgeni: "Sielewi, nielezeni." Katika kicheko kinachobomoa, mtu anamsukumia jirani yake nafasi hiyo: "Wewe si wa hapa." Mizaha yote miwili inazungumza juu ya mgeni. Kabla ya kucheka, tuulize nani amewekwa nje, na nani amemweka.

Hatua kwa vikundi vinavyoandaa mchezo

1. Chora ramani ya vidonda. Kabla mgeni hajasema neno, wenyeji wa pande zote wamweleze mambo ambayo hayachekwi mahali hapo. Yeye asikilize tu.

2. Tafuta mgeni wa karibu kwanza. Aliyerudi kutoka ukimbizini, mke aliyeolewa kutoka mbali, mwalimu aliyehamishiwa hapa, mtoto. Mtu wa mbali sana aje baadaye.

3. Mgeni aanze na yeye mwenyewe. Kichekesho chake cha kwanza kiwe juu ya makosa yake. Asiyeweza kuchekwa asipewe nafasi ya kuchekesha.

4. Mpe mgeni haki ya kuuliza, si ya kuhukumu. Maswali kama "mihogo mingapi?" yanafungua. Kauli kama "ninyi watu wa hapa mna tabia ya..." inafunga.

5. Elekeza kicheko kwenye desturi, si kwenye lafudhi, sura, dini wala kabila. Kama kichekesho kinapotea ukiondoa lafudhi, hakikuwa kichekesho.

6. Hesabu vicheko. Mwanakikundi mmoja asitazame mchezo, atazame watazamaji. Upande gani umecheka? Nani ameangalia chini? Nani ameondoka? Taarifa yake isikilizwe kabla ya kurudia mchezo.

7. Fikiria usalama. Jicho la mgeni likigusa mkubwa, mgeni hupanda gari na kuondoka, lakini mwenyeji hubaki. Kwa hiyo neno la mwisho juu ya kitakachochezwa liwe la wenyeji.

Mwaka 2025, vita vilipotelemka tena upande wetu, watu wengi wa bonde hili walivuka mto Ruzizi kwenda Burundi. Wengine waliogelea na watoto mgongoni. Waliojiita wenyeji jana waliamka wakiwa wageni, wakipanga foleni ya maji na kujifunza kuomba kwa lugha ya wengine. Watakaporudi watakuwa wameona mambo. Watatucheka, na wataturuhusu tuwacheke. Tuwatengee nafasi katika vikundi vyetu, tena isiwe ya nyuma.

Maswali ya kujadili

– Mahali petu, neno "mgeni" linatumika lini kwa heshima, na lini kama silaha?

– Ni desturi gani hapa kwetu ambayo mtu wa nje angeishangaa? Je, inamgharimu nani?

– Kumbuka mzaha mmoja uliokuumiza. Nani alikuwa amewekwa nje?

– Katika kikundi chetu, nani amekaa nyuma na bado hajaulizwa anachokiona?